Tumbo linanguruma na njaa haiishi: jibu kwa dereva aliyeacha sukari

SWALI: Habari dada. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 46, nyumbani ni Tororo, njia yangu ni Kampala mpaka Mombasa na kurudi. Miezi miwili iliyopita nilipimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ikasoma 6.4. Niliambiwa bado si kisukari ila niko mlangoni, na dawa sikupewa. Nikaacha soda, maana nilikuwa nakunywa tatu kwa siku, na sukari ya chai nikaacha. Sasa kwenye chai natia vile vidonge vidogo vya utamu, nyumbani na safarini. Soda nanunua ya zero, moja kwa siku. Nikiwa barabarani natafuna chingamu isiyo na sukari, pakiti mbili za vipande kumi kumi, na pipi zisizo na sukari kama kumi, ili nisisinzie. Tangu hapo tumbo linanguruma, gesi haziishi, na mara mbili tatu kwa siku nasimamisha gari haraka nitafute choo. Njaa nayo imezidi. Nakula chapati mbili na chai Iganga, nikifika Bugiri nataka kula tena. Nikikaa nyumbani siku tatu nne, tumbo linatulia. Je, hizi sukari bandia zinaniharibu utumbo? Nirudi kwenye sukari, au nihamie asali?

JIBU: Kaka, pole kwa safari na pole kwa tumbo. Usirudi kwenye sukari. Soda tatu za mililita 300 zina sukari ya gramu 95 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku za sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, na akishuka chini ya 25 ni vizuri zaidi. Wewe kwa soda peke yake ulikuwa umekaribia mara mbili ya kiwango, na chai bado hatujaihesabu. Kuacha kule ni kazi kubwa uliyoifanya, na sitaki gesi za tumbo zikurudishe nyuma.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nanasa pale uliposema ukiwa nyumbani tumbo linatulia. Nyumbani chai ni ile ile na vidonge ni vile vile. Kitu usichofanya nyumbani ni kutafuna chingamu na kumung'unya pipi kutwa nzima. Mchawi wako yuko hapo.

Watu husema "sukari bandia" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni koo mbili zisizo na undugu. Ukoo wa kwanza ni vitamu vikali mno. Kuna sakarini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1879 na Constantin Fahlberg, kuna aspatemi ya mwaka 1965, sukralosi ya 1976, na stevia inayotoka kwenye mmea wenye asili ya Paraguay. Sukralosi ina utamu kama mara 600 ya sukari. Ndiyo maana kidonge kimoja cha chai hubeba miligramu chache tu za utamu wenyewe, na kinachobaki ni kijazio cha kukishikamanisha. Kiasi hicho ni kidogo mno kuvuta maji ndani ya utumbo au kulisha bakteria mpaka wakujaze gesi.

Ukoo wa pili wanakemia wanauita pombe za sukari. Jina lisikutishe, hazilevi hata kidogo na anayefunga pombe kwa ajili ya dini hana cha kuogopa. Hizi ni sorbitoli, manitoli, maltitoli, zailitoli na ndugu zao. Utamu wao hauzidi wa sukari, na sorbitoli ni tamu kidogo tu kupita nusu ya sukari. Ili pipi iwe tamu, basi, ni lazima ijazwe kitu hicho kwa gramu. Shika tofauti hii kaka: ukoo wa kwanza huingia tumboni kwa miligramu, wa pili kwa gramu. Utumbo unasumbuka kwa gramu.

Jana nilinunua pakiti ya chingamu kama hiyo unayoieleza na kuigeuza nyuma. Maandishi ni madogo kama mbegu za mchicha, nikawasha tochi ya simu. Kitu cha kwanza kuorodheshwa ni sorbitoli, na kinachoandikwa kwanza ndicho kilicho kingi kuliko vyote. Pakiti nyingine haziandiki jina, zinaweka namba. Ukiona E420 ni sorbitoli, E421 ni manitoli, E965 ni maltitoli, E967 ni zailitoli. Za ule ukoo wa miligramu ni E950, E951, E954 na E955. Ziandike kwenye karatasi uibandike karibu na kioo cha gari. Pakiti nyingi zina pia sentensi moja chini kabisa inayosema ukizidisha utaharisha. Ulaya onyo hilo ni la lazima kisheria kwa chakula chochote kilichoongezewa pombe za sukari zaidi ya asilimia 10. Onyo limewekwa pale ambapo hakuna anayesoma.

Tupige hesabu yako. Kipande kimoja cha chingamu huwa na gramu moja hivi ya pombe za sukari, kikiwa kikubwa zaidi kidogo. Vipande 20 ni gramu 20. Pipi ngumu isiyo na sukari ni karibu yote pombe ya sukari, kila moja gramu mbili na nusu au tatu. Pipi kumi ni gramu 25 mpaka 30. Jumla umemeza karibu gramu 45 kwa siku. Watu wengi huanza kusikia gesi na kunguruma wakifika gramu 10 za sorbitoli, na wakifika 20 tumbo linafunguka. Hospitali hutumia sorbitoli hiyo hiyo kama dawa ya kulainisha choo kwa mtu aliyefunga. Wewe unajipa dawa ya kuendesha kila siku, kidogo kidogo, ukiwa kwenye usukani.

Wala si wewe wa kwanza. Mwaka 2008 madaktari wa Ujerumani walieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa wawili walioharisha kwa miezi na kukonda sana. Mmoja, msichana wa miaka 21, alipungua kilo 11. Mwingine, mwanamume wa miaka 46, rika lako kabisa, alipungua kilo 22. Walipimwa kila kipimo. Mwishowe walipoulizwa wanakula nini siku nzima, wote wawili wakataja chingamu isiyo na sukari. Msichana alikuwa anafika vipande 15 kwa siku, yule bwana 20 na pipi juu yake. Waliacha, na choo kikarudi sawa. Kisa hiki nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu ya vile vipimo vyote vilivyotangulia swali moja rahisi.

Kinachotendeka ndani ni hiki. Glukosi inapofika kwenye utumbo mwembamba ina milango yake maalumu ukutani, inaingizwa haraka kwenye damu. Sorbitoli haina mlango. Inajipenyeza polepole, na sehemu kubwa inabaki ndani ya utumbo. Kitu kitamu kilichobaki ndani huvuta maji, kama chumvi inavyotoa maji kwenye nyanya ulizokatakata. Maji hayo ndiyo yanayokusimamisha pembeni ya barabara. Kisha mchanganyiko huo unafika kwenye utumbo mpana, wanakoishi bakteria kwa mabilioni, nao wanakula sorbitoli na kuichachusha. Mavuno yao ni haidrojeni na kabonidayoksaidi, na kwa watu wengine methani. Kunguruma unakosikia ni gesi na maji vikisukumana kwenye kona za utumbo. Juu yake, mtu anayetafuna saa nane mfululizo humeza hewa nyingi, na hiyo nayo inataka njia ya kutokea.

Utumbo wenyewe haujaharibika. Hakuna kidonda kilichochimbwa, hakuna ukuta uliobomoka. Ukiondoa sababu, siku mbili tatu zinatosha kutulia, na wewe umeshajionea hilo kila unaporudi Tororo.

Kwa hiyo jaribio ni hili, na tafadhali lifanye kwa nidhamu. Safari yako ijayo, kwenda na kurudi, acha chingamu na pipi kabisa. Vidonge vya chai viache kama vilivyo. Soda ya zero moja kwa siku iache kama ilivyo. Chakula usikibadilishe bado, hata kama nitakupa mapendekezo hapa chini. Badilisha kitu kimoja tu, kwa sababu ukibadilisha vitano kwa pamoja tumbo likatulia, hutajua ni kipi kilikuwa kinakusumbua, na baada ya mwezi utarudi pale pale. Kwenye daftari la mafuta andika kila siku umesimama mara ngapi.

Kabla sijaenda kwenye njaa, neno moja kwa ajili ya wenzako. Kwa dereva au utingo mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenklamidi, vitu vya zero vinaweza kuwa hatari wakati mmoja tu: pale sukari inaposhuka ghafla, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka na maneno yakaanza kuchanganyikana. Saa hiyo anahitaji sukari ya kweli, soda ya kawaida au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Soda ya zero haitampandisha hata kidogo. Nimeona mtu akipewa ya zero kwa nia njema na watu wanaompenda, wakashangaa mbona hainuki. Gari lolote lenye mtu wa namna hiyo liwe na sukari kwenye droo.

Sasa njaa. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu chingamu utaiacha kwa siku moja lakini njaa ndiyo itakayokurudisha kwenye soda.

Kwanza, sehemu ya njaa yako ni ya haki. Ulipoacha soda tatu na sukari ya chai, uliondoa nguvu ya kama kilokalori 500 kwa siku. Ni vizuri kuiondoa, lakini hukuweka chochote mahali pake, na mwili wa mtu anayepandisha kontena kutoka Mombasa unahesabu. Ukaweka utamu mtupu. Wewe unapita mpaka wa Malaba kila wiki, utanielewa nikisema hivi: ulimi umeshapokea karatasi za mzigo, lori likafika, kontena likafunguliwa, hamna kitu. Utumbo unaangalia mzigo. Sukralosi kwa binadamu, ilipopimwa peke yake, haikuamsha zile homoni za shibe ambazo chakula huziamsha.

Nizieleze kidogo homoni hizo, maana ukizijua utachagua chakula vizuri zaidi kuliko kwa orodha yoyote nitakayokupa. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya njaa iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999. Ukila, tumbo linatanuka, na neva ndefu iitwayo vagasi hupeleka habari kwenye ubongo kwamba kuna kitu kimeingia. Hiyo ni habari ya ukubwa tu. Hata maji au gesi ya soda huileta, ila maji hupita haraka na habari hufutika. Habari ya pili hutoka kwenye utumbo mwembamba. Unapokutana na protini na mafuta, unatoa kolesistokini, ambayo hulibana tumbo lisimwage chakula haraka na kuuambia ubongo basi inatosha. Mbele zaidi utumbo hutoa nyingine iitwayo GLP-1. Hizo sindano za kisukari na za kupunguza uzito zinazozungumzwa siku hizi zimetengenezwa kwa kuiga GLP-1. Nayo huamshwa na chakula kinachofika mbali ndani ya utumbo, yaani kile kisichosagika haraka.

Habari hizi zinachukua kama dakika 20 kufika. Chapati mbili na chai, gari likiwa linanguruma na mwenzako anakupigia honi, unazimaliza kwa dakika ngapi? Nne? Tano? Umeshaondoka Iganga kabla ubongo haujajua kwamba umekula. Na ubongo unapojua, unakuta unga mweupe unaosagika upesi, protini kidogo, nyuzinyuzi kidogo. Bugiri ni lazima uwe na njaa.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, wakiongozwa na Susanna Holt, walipima vyakula 38. Kila chakula walikipima kilokalori 240 sawasawa, wakawalisha watu, wakawauliza kila robo saa kwa saa mbili wanasikiaje. Mkate mweupe wakaupa alama 100. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323, juu ya vyote. Samaki alipata 225, mayai 150, na keki 65. Nguvu ile ile, shibe tofauti mara tano. Viazi vilivyochemshwa ni vizito na vina maji mengi, havina haraka. Nikiangalia matokeo hayo namkumbuka mama yangu. Nimekulia Malaba, alikuwa na kibanda cha chai karibu na foleni ya malori. Dereva akiagiza chai na mandazi, mama alimwekea na sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha na maharage, akamwambia, "Baba, chai ni ya kuamkia, hiki ndicho cha kwendea." Dereva akakaa chini, kwa sababu kiazi cha moto hakiliwi mbiombio. Alikuwa anawapa zile dakika 20 bila kuzitaja.

Kutafuna chakula chenyewe nako kuna thamani. Mwaka 1977 Waingereza waliwapa watu tufaha zima, tufaha lililopondwa na juisi ya tufaha, vyote kwa sukari sawa. Juisi ilishibisha kidogo kuliko vyote na ilimezwa mara 11 haraka kuliko tunda zima. Kwa hiyo pale Namawojjolo wanapokukimbilia dirishani na chupa za juisi na vikapu vya matunda, chukua tunda. Mwaka 2019, kule Marekani, Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 ndani kwa wiki nne, wiki mbili wakala vyakula vya viwandani na wiki mbili vya kawaida, wakiachiwa wale watakavyo. Kwenye vya viwandani walikula kilokalori kama 500 zaidi kila siku, na walikula haraka zaidi. Walipewa sukari, mafuta na nyuzinyuzi kwa viwango sawa, na bado.

Tumbo likishatulia, yaani baada ya ile safari ya majaribio, anza kubadilisha chakula. Iganga, badala ya chapati mbili na chai, omba rolex ya chapati moja na mayai mawili, kabichi na nyanya ziwe nyingi. Mayai mawili yanakupa gramu 12 hivi za protini, na bei haipishani sana. Namawojjolo ukinunua kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, anza na kuku, gonja imalizie. Jinja kuna samaki. Karanga za kukaanga ziweke kwenye kopo, si kwenye mfuko wa mapajani, kwa sababu karanga zina nguvu nyingi na mkono wa dereva hauna breki. Konzi moja wakati wa saa kumi inatosha. Nyumbani, ugali wa wimbi na maharage au dagaa kabla ya kuondoka. Teso na Tororo mna wimbi mzuri, na mnaacha uliwe na wazee peke yao.

Maharage yataleta gesi, nakuambia mapema. Yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi ambazo mwanadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika kwa bakteria kama ilivyofika sorbitoli. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Anza na kidogo. Bakteria wako huzoea baada ya wiki chache, na nyuzinyuzi za maharage zinakulipa kwa kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, kitu ambacho mtu mwenye 6.4 anakihitaji sana.

Asali: ni sukari, nayo huipandisha damu. Ina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na fruktosi ikizidi glukosi watu wengine hawaifyonzi vizuri, wanapata gesi zile zile. Kwa hiyo kwako inakosea pande zote mbili. Maziwa ya chai hayana kosa, maana nyumbani unayanywa na huna shida.

Na vidonge vya chai? Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo na sukari kwa ajili ya kupunguza uzito, kwa kuwa ukiangalia miaka mingi havionyeshi faida hiyo. Julai mwaka huo huo aspatemi iliwekwa kwenye kundi la vitu "vinavyoweza kuwa" na uhusiano na saratani, kwa ushahidi mdogo, na kamati nyingine ya shirika hilo hilo ikaacha kiwango salama pale pale, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo tisa au zaidi ya soda ya namna hiyo kwa siku ili kuvuka. Wewe uko mbali sana na huko. Mimi navichukulia vidonge kama daraja: vimekuvusha kutoka soda tatu, vitumie, huku ukipunguza nusu kidonge kila baada ya wiki mbili. Ulimi hujifunza. Baada ya miezi michache chai ya zamani utaiona kama sharubati.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Chingamu uliianza ili usisinzie. Unalala kwa saa ngapi, kaka? Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo, kisha wakati mwingine kwa muda wa saa kumi. Walipolala kwa saa nne tu, grelini, ile homoni ya njaa, ilipanda kwa asilimia 28, na leptini, homoni ya shibe, ikashuka kwa asilimia 18. Hamu yao kubwa ilikuwa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Usiku mbili tu. Wewe una miaka mingapi barabarani? Njaa ya Bugiri, hata ungekula viazi vya mama yangu, haitaisha yote kama umelala kwa saa nne tu kwenye kiti.

Usingizi hautafuniki. Macho yakianza kuwa mazito, tafuta mahali salama, simama, kunywa kikombe cha kahawa halafu lala hapo hapo robo saa na kengele ya simu imewashwa. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, utaamka inapokukuta. Kule Loughborough, Uingereza, mwaka 1997 waliwajaribu madereva waliokosa usingizi kwenye gari la maabara, na kahawa pamoja na usingizi mfupi iliwapunguzia makosa kuliko kimoja peke yake. Hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kulala, haitoshi kuendesha usiku kucha. Foleni ya Malaba ikiwa ndefu, usiilaani, mwachie utingo macho na wewe ulale.

Kama baada ya siku kumi bila chingamu wala pipi tumbo bado linaharisha, basi nimekosea mchawi, na hapo usikae. Nenda ukapimwe choo. Mtu anayekula na kunywa maji ya vituo kumi tofauti anaweza kubeba vijidudu vya utumbo kama giadia au amiba, na dalili zake zinafanana na zako. Usikubali kupewa dawa za taifodi kwa kubahatisha. Na ukiona damu kwenye choo, homa, kukonda bila kukusudia, au kuharisha kunakokuamsha usingizini, usisubiri hata hizo siku kumi. Ukija kupewa metformini kwa ajili ya sukari, mwambie daktari historia hii ya tumbo, maana dawa hiyo nayo huwaharisha watu wengi wiki za mwanzo, na ikimezwa pamoja na chakula hutulia.

Mwezi ujao, miezi mitatu itakapotimia tangu kile kipimo cha kwanza, pima tena asubuhi kabla ya kula, na ukiweza omba na kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu. Niandikie ukirudi kutoka Mombasa, unitajie kutoka kwenye daftari lako umesimama mara ngapi kila siku na umelala kwa saa ngapi kila usiku.